Mbona Siumuki

Wakefield, Januari, saa mbili kasorobo,
na giza bado halijaamua kama liondoke.

Miaka sita nilioka mikate ya watu
kiwandani nyuma ya reli, zamu ya usiku,
wavu kichwani, pamba masikioni,
hamira ikiletwa kwa lori la tangi kama petroli.
Kisha ikaja homa ya wiki moja.
Homa ikaenda zake.
Mimi sikurudi.

Ngazi zetu ni kumi na nne.
Ya tano ndipo ninapoketi.
Ya tisa ndipo ninapomsikia Mbwana kule chini
akijifanya anaosha vyombo,
nisijue kwamba ananihesabia.

Usingizi ninaupata. Uchovu hauna habari nao.

Mwanakheri akaja kutoka Leeds na mfuko wa chupa.
"Ni hamira," akasema, "imeota tumboni mwako.
Inaila sukari kabla hujaionja,
inapika pombe yake humo humo,
na wewe, mtu wa sala tano,
unaamka na kichwa cha mlevi."
Nilicheka. Kicheko kikanilaza mpaka alasiri.

Akaniachia kipimo: asubuhi, kabla ya mswaki,
tema mate kwenye bilauri ya maji.
Nyuzi zikishuka, ndiyo yenyewe.
Nikaiweka dirishani.
Nyuzi zikashuka.
Mbwana naye akatema kwenye bilauri ya pili,
yeye anayebeba friji za watu mgongoni
Jumatatu hadi Jumamosi.
Nyuzi zake zikashuka ndefu kuliko zangu.

Dokta Hebblethwaite,
jina lake refu kuliko muda alionipa,
akasema kila tumbo linayo kidogo,
na ushahidi kwamba ndiyo inayochosha watu haupo.
Hakusema haiwezekani.
Nikaliona pengo kati ya haupo na haiwezekani,
nikaingia humo na mto wangu, nikajilaza.

Basi nikaacha mkate. Nikaacha sukari, embe la kopo, asali.
Ramadhani ikanikuta hivyo:
kufunga nimekatazwa, tende nimejikataza,
nikawa mtu asiyefunga wala asiyefuturu.

Wiki ya tatu nilipata siku mbili njema.
Nilifika posta kwa miguu, nikanunua stempu nisiyoihitaji.
"Unaona?" akasema Mwanakheri. "Inashindwa."
Wiki ya nne nilianguka bafuni.
"Unaona? Inakata roho, ndiyo maana inarusha mateke."
Nikamuuliza: nikiwaje, basi, ndipo itakuwa si hamira?
Akaitazama chai yake. Chai haikuwa na jibu.

Lakini msimcheke.
Wengine waliniuliza kama nina mawazo,
kama ndoa yangu iko salama,
kama nimejaribu kutembea kidogo kidogo.
Yeye peke yake aliuliza tumbo linasemaje,
akanyamaza, akaweka kiganja juu yake,
akangoja kama anayesikiliza mlangoni.

Jana ilikuwa Idi. Mbwana alikanda mahamri
kwa iliki nyingi mno na mikono ya kubebea makabati.
Akalifunika donge kwa kitambaa, akaliweka karibu na hita,
akaniweka na mimi papo hapo, kwenye kiti, kwa blanketi.
Tukakaa wawili, tumefunikwa, tunapata joto.

Saa nzima.
Lenyewe likavimba, likakiinua kitambaa
kama mtu anayetaka kuona nani ameingia.
Nikaliambia polepole, Mbwana asisikie:
kama kweli nimejaa hamira,
mbona siumuki?

Nikalibonyeza kwa kidole.
Shimo likajifuta taratibu,
halikunieleza lolote.

Nilikula mahamri mawili, ya moto, na mbaazi.
Daftari la Mwanakheri lipo kando ya kitanda.
Nimeandika tarehe.
Mbele yake sijaandika kitu.